Kesi ya shamba, mama mzee na hofu ya mlipuko: je, hakimu anaweza kuamua kwa simu?

"Wakili, salaam. Tuna kesi ya shamba la marehemu baba hapa Busia, Uganda, jirani amesogeza mpaka. Tulifungua kabla ya korona. Mwaka 2020 ikasimama, 2021 ikasimama tena, hakimu akahamishwa, akaja mwingine. Tuliomba jirani azuiwe kulima mpaka kesi iishe. Uamuzi wa kutukatalia ulitumwa kwa WhatsApp kwa wakili wetu wa zamani, sisi tukaujua miezi mingi baadaye. Sasa mama ana miaka 81 na miguu haimbebi. Shahidi wetu wa pili ni mjomba, naye anaishi ng'ambo, Busia ya Kenya. Karani ametuambia Ebola ikifika huku hakimu atasikiliza kwa simu, na habari ya kuja kuona shamba tusahau. Jirani naye anatembea na barua ya LC 1, yaani baraza la kijiji, iliyoandikwa wakati wa lokidauni, inasema mpaka uko anakotaka yeye. Je, inaruhusiwa kuamua kesi ya ardhi kwa simu? Tukatae? Au tungoje? Halafu mpwa wangu yuko mahabusu kwa jambo jingine, wanasema atasimamishwa mbele ya televisheni. Hiyo nayo ni mahakama?"

Pole sana, ndugu yangu, na mama umpe salamu zangu. Ukiweka mengine pembeni, unachoogopa ni kwamba ugonjwa ukipiga hodi, hakimu atapata kisingizio cha kuamua habari za shamba lenu bila kumsikia mama sawasawa na bila kukanyaga ardhi yenyewe. Hofu hiyo ina msingi. Lakini mengi mliyoambiwa si sahihi, na yale yaliyo sahihi yanaweza kuwafaa nyinyi kuliko yanavyomfaa jirani, mkiwahi.

Tuanze na kilichotokea 2020, maana kila mtu husema mahakama zilifungwa. Tarehe 19 Machi mwaka huo, Jaji Mkuu wa wakati ule, Bart Katureebe, alitoa waraka wa kusimamisha usikilizaji wa kesi na watu kufika mahakamani kwa siku 32, kuanzia kesho yake. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa tarehe 21, kwa hiyo waraka ulimtangulia mgonjwa. Ndani ya waraka huohuo kulikuwa na mambo yaliyoachwa yaendelee. Maombi ya dharura yalipokelewa. Washtakiwa wa makosa makubwa waliendelea kusomewa mashtaka. Mawakili wenye kesi zilizofika mwisho walihimizwa kuleta hoja zao kwa maandishi, na hukumu ziliruhusiwa kutumwa kwa barua pepe au WhatsApp. Utekelezaji wa hukumu, hasa kuwatoa watu kwenye ardhi, ulisimamishwa. Mwishoni mwa Aprili yakatoka maelekezo ya kusikiliza kesi kwa mtandao.

Kilichokwamisha kesi nyingi za wilayani ni barabara zaidi ya waraka. Usafiri wa umma ulipigwa marufuku tarehe 25 Machi, magari ya binafsi yakafuata siku chache baadaye, kisha kafyu ya kuanzia saa moja jioni. Wa kutoka alihitaji ruhusa ya RDC, mwakilishi wa Rais wilayani. Mawakili hawakuwamo hata kwenye orodha ya watu wa kazi za lazima, na Mei walipofikiriwa, walioruhusiwa kufanya kazi walikuwa 30 kwa wakati mmoja. Thelathini, kwa nchi hii nzima! Sasa mtu wa Busia ambaye wakili wake anakaa Mbale angesema nini? Na Juni 2021 tukarudia tena, siku 42 za kufungiwa.

Hapo ndipo wengi walipoumia, kwa kudhani kwamba mahakama ikisimama, na muda unasimama. Muda wa rufaa ya kesi ya madai kutoka kwa hakimu kwenda Mahakama Kuu ni siku 30. Aliyepelekewa wito ana siku 15 za kuleta utetezi wake. Kudai ardhi mahakamani ni miaka 12. Ugonjwa haufuti hesabu hizo. Unachokupa ni sababu tu: mahakama inaweza kukuongezea muda wa rufaa au wa utetezi ukionyesha kwamba kilichokuzuia hakikuwa uvivu wako, na amri ya serikali ya kutosafiri ni sababu inayoeleweka. Lakini ni lazima uombe, kwa maandishi na hati ya kiapo, na ueleze kila kipindi: kuanzia lini hadi lini ulizuiwa na nini, na ulipofunguliwa ulifanya nini. Wengi walieleza vizuri sana habari za Aprili 2020, wakaulizwa je, Septemba ulikuwa wapi, wakanyamaza. Na ile miaka 12 ya ardhi ni ngumu zaidi kuliko hizi siku, usiichezee kabisa.

Kuhusu uamuzi wenu wa WhatsApp. Wapo wanaokwambia huo si uamuzi wa mahakama. Wanakudanganya. WhatsApp ilikuwa njia ya kuufikisha tu. Kinachoufanya uwe uamuzi ni kwamba hakimu aliuandika, akautia tarehe na sahihi, na umo ndani ya jalada. Nenda masjala uombe nakala iliyothibitishwa. Kama haimo kwenye jalada, hapo ndipo una hoja. Na ukishaipata angalia tarehe, kisha ujiulize: siku ile wakili wetu wa zamani alikuwa bado wakili wetu? Kwa macho ya mahakama, aliyemfikia wakili wako amekufikia wewe. Kama mlikuwa mmeshaachana naye na taarifa ya kuachana iliwekwa kwenye jalada, mambo yanabadilika. Mahakama zetu zimesema mara nyingi kwamba kosa la wakili lisimwangukie mteja, ila huruma hiyo humwendea mteja aliyekuwa akifuatilia kesi yake.

Nikwambie nionavyo: kwa uamuzi wa zuio peke yake, nisingewapotezea pesa kwa rufaa ya kuchelewa. Zuio halikuamua shamba ni la nani. Ikiwa jirani amefanya jambo jipya, amechimba msingi, amekata miti ya mpaka au ametafuta mnunuzi wa kile kipande, leteni ombi jipya kwa hati ya dharura, mkieleza kilichobadilika. Hata ule mwezi wa kwanza wa korona, maombi ya namna hiyo yalikuwa na mlango.

Sasa tuje kwenye swali lako kubwa. Ili ulielewe jibu, inafaa ujue hakimu hasa anafanya nini, maana ugonjwa hauigusi kazi yake yote kwa namna moja.

Sehemu kubwa ya kazi hiyo ni karatasi. Kesi inatajwa, tarehe inapangwa, wakili anasema hajapata nyaraka za mwenzake, tarehe nyingine inapangwa. Dakika tatu, na wewe umetumia nauli na siku nzima ya kazi. Mambo haya yanaweza kwenda kwa simu au barua pepe bila mtu yeyote kuonewa, na kwa maoni yangu yasingerudishwa kamwe kwenye mabenchi ya mahakama. Hoja za mwisho za mawakili nazo huandikwa. Hakimu huzisoma chumbani mwake kwa utulivu kuliko anavyozisikiliza saa saba mchana. Tangu Machi 2022 kuna mfumo wa mtandao wa Mahakama unaoitwa ECCMIS, ambao kesi hufunguliwa na nyaraka hupelekwa bila kwenda masjala. Umekuwa ukisambazwa kwa awamu, basi waulize wa mahakama yenu kama kesi yenu imeingizwa humo au bado iko kwenye jalada la karatasi. Mambo yote haya, ukiambiwa yatafanyika kwa mtandao, kubali na ushukuru.

Sehemu ya pili ni ushahidi, na hapo ndipo penye kazi. Katika mahakama nyingi za mahakimu, hakimu huandika kwa mkono wake kila shahidi anachosema. Shahidi anasema kwa Kisamia au Kiswahili, mkalimani anatafsiri, hakimu anaandika kwa Kiingereza, anainua kichwa, anamtazama shahidi, anaandika tena. Maandishi hayo ndiyo mwenendo wa kesi. Hakimu akihamishwa, kama wa kwenu alivyohamishwa, anayekuja anaruhusiwa kuendelea pale mwenzake alipoishia, naye hana kingine cha kushika ila maandishi hayo. Mahakama Kuu nayo kwenye rufaa husoma hayohayo. Yasiyoandikwa ni kama hayakusemwa.

Weka hayo kwenye skrini uone. Mtandao unakatika katikati ya jibu, hakimu anauliza "umesema nini?", mkalimani na shahidi wanaongea kwa pamoja, sauti moja inaimeza nyingine. Shahidi anasema "mpaka ulikuwa pale" na kunyoosha mkono. Pale wapi? Mahakamani hakimu angeona mkono umeelekea wapi na angemuuliza. Kwenye simu anaona kiganja na ukuta. Hapo hakuna ubaya wa mtu, chombo kina mipaka yake, na hakimu mwenye uzoefu anaijua.

Kwa hiyo je, inaruhusiwa? Ndiyo. Tena haikuanza na korona. Kanuni za kupokea ushahidi kwa njia ya picha na sauti zilitungwa 2016, na mwaka 2019 yakaongezwa maelekezo ya kutumia teknolojia mahakamani. Korona ilizitoa kabatini tu. Lakini kanuni hizo zinahusu picha na sauti pamoja. Simu ya sauti tupu kwa shahidi ambaye maneno yake yanabishaniwa, hiyo mpinge. Na kupinga maana yake ni kutoa sababu na kuomba sababu hizo ziandikwe kwenye mwenendo. Ukisema "sisi hatutaki mambo ya Zoom" ukanyamaza, hakimu atakuona unachelewesha. Ukisema "shahidi huyu ndiye pekee aliyekuwepo mpaka ulipopandwa, hasomi, anahitaji mkalimani aliyekaa karibu naye, na anapaswa kuonyesha alama kwenye ardhi", umempa kitu cha kupima, na umewapa majaji wa rufaa kitu cha kusoma baadaye. Haki ya kusikilizwa bila upendeleo imo kwenye Ibara ya 28 ya Katiba, na Ibara ya 44 inaitaja miongoni mwa haki chache zisizopunguzwa kwa hali yoyote. Mlipuko unaweza kubadilisha mahali na namna ya kusikilizwa. Kuiondoa haki yenyewe hauwezi.

Nikija kwenye shamba, hapo nataka tutulie kidogo, kwa sababu karani wenu amewaogopesha bure. Kuna maelekezo ya Jaji Mkuu ya mwaka 2007 kuhusu kesi za ardhi ambayo yanawataka mahakimu wafike kwenye ardhi inayogombaniwa. Yanataka pande zote, mashahidi na mawakili wawepo, ushahidi utakaotolewa pale upokelewe na upande wa pili uulize maswali, na kila kinachofanyika kiandikwe, na mchoro ukichorwa uingie kwenye jalada. Ni kikao cha mahakama kabisa, tofauti yake ni kwamba kiko shambani. Hakimu anayekwenda peke yake kwa bodaboda akatazame mpaka, halafu arudi kuandika hukumu, amekosea.

Lakini usilichukulie jambo hili kupita kiasi. Mahakama Kuu imeshasema kwamba si kila kesi ya ardhi hudondoka kwa sababu hakimu hakufika shambani. Huangaliwa kama kutofika kwake kulileta dhuluma. Mnapogombania nani alimuuzia nani, karatasi na mashahidi wanaweza kutosha. Kesi yenu ni ya mpaka. Mpaka ni miti, ni mtaro, ni makaburi, ni mahali mvule ulipokuwa umesimama. Hukumu ya mpaka iliyoandikwa na mtu asiyeuona ni dhaifu, na mkiomba ziara hiyo kwa maandishi mkakataliwa bila sababu, mna hoja nzito ya rufaa. Jambo jingine: ziara ya shambani haifanyiki ili kuleta ushahidi mpya, inafanyika kupima uliokwisha kutolewa. Kama mama hakuyataja makaburi kwenye ushahidi wake, msitegemee kwamba hakimu atayaona na kuwaandikia. Mama ayataje kwanza.

Na la mlipuko ni hili: shamba ni mahali salama kuliko chumba cha mahakama. Korona hupenda chumba kidogo, madirisha yamefungwa, watu sitini kwenye mabenchi ya watu thelathini. Ebola husambaa kwa kugusana na majimaji ya mwili ya mgonjwa au aliyekufa. Haielei hewani kama korona. Katika yote mawili, watu kumi waliosimama mbali mbali chini ya anga, bila kupeana mikono, hawana hatari ya kulingana na asubuhi moja kwenye korido ya mahakama. Kwa hiyo ombi lenu liseme wazi: pande mbili, shahidi mmoja mmoja wa kila upande, mkalimani, karani, mwenyekiti wa LC, basi. Majirani wengine watazame kwao. Hakimu aliyepewa mpango wa namna hiyo hupata shida kuukataa kwa jina la afya.

Halafu Ebola haijawahi kuifunga Uganda nzima. Mlipuko uliotangazwa Mubende tarehe 20 Septemba 2022 ulifanya wilaya mbili tu, Mubende na Kassanda, zifungiwe kuanzia katikati ya Oktoba hadi katikati ya Desemba. Ule wa Kampala wa 30 Januari 2025 ulitangazwa kuisha tarehe 26 Aprili bila nchi kufungwa. Kwa hiyo kuweka mipango yenu yote juu ya "mahakama zitafungwa" ni kupanga kwa hofu.

Nisichotaka ni mngoje, kwa sababu ya mama. Miaka 81 haingojeshwi, kuwe na mlipuko au kusiwe. Mwombeni hakimu achukue ushahidi wake mapema, kabla ya mashahidi wengine wote ikibidi, kwa sababu ya umri na afya. Sheria ya mwenendo wa madai inamruhusu kumsikiliza shahidi mara moja panapokuwa na sababu ya kutosha, na inamruhusu pia kutuma mtu wa kuchukua ushahidi wa mgonjwa pale alipo. Leteni barua ya daktari kutoka kituo cha afya, si lazima iwe hospitali kubwa. Na kama miguu haimbebi, ombeni ushahidi wake uchukuliwe hukohuko shambani, kabla ziara yenyewe haijaanza, akae kwenye kiti, anyooshe fimbo yake. "Pale ndipo tulipomzika mkwe wangu, na mtaro ulipita nyuma ya miguu yake." Hakimu anaandika: shahidi anaonyesha kaburi, hatua kadhaa kutoka kwenye mtaro. Upande wa pili unamuuliza maswali palepale. Ukishapata hayo kwenye mwenendo, hata mahakama isimame mwaka mzima, maneno ya mama yako yamelala salama ndani ya jalada.

Mkipewa video kwa mama na hakuna njia nyingine, si mwisho wa dunia, ila simamieni mambo kadhaa. Mkalimani akae chumba kimoja na mama, aapishwe kama yeye. Kamera ionyeshe chumba chote ili asije mtu kusema mlikuwa mkimnong'oneza. Na kweli msimnong'oneze, hata wajukuu watoke nje. Picha za alama za mpaka zipelekwe kwa hakimu na kwa upande wa pili siku nyingi kabla, kila moja ikiwa na namba, ili mama aseme "kwenye picha ya tatu" badala ya "pale". Mtandao ukikatika, mwombeni hakimu aandike kwamba ulikatika na saa ngapi. Na asije mtu akawadai pesa ya "kuunganisha". Bando ni lenu, kiungo cha kuingilia kikao hakiuzwi. Akidai, jina lake lipelekwe kwa Mkaguzi Mkuu wa Mahakama.

Mjomba ni habari nyingine, na kwake video ni neema. Mwaka 2020 mpaka ulifungwa kwa wasafiri, na watu wa Busia mnakumbuka jinsi shahidi aliyekuwa mwendo wa miguu tu kutoka mahakamani alivyokuwa nchi nyingine kabisa. Kanuni za 2016 zinakubali ushahidi wa mtu aliye nje ya Uganda. Atafute ofisi ya wakili upande wa Kenya, yenye intaneti isiyoyumba, na mtu wa kumtambua na kuthibitisha kwamba yuko peke yake. Ombi lipelekwe mapema, si asubuhi ya kesi. Mimi ningemwomba avuke aje mwenyewe kama njia iko wazi, maana hakimu humsoma mtu vizuri zaidi akiwa amesimama mbele yake. Lakini mjomba kwenye skrini ni bora kuliko mjomba asiyekuwepo.

Ile barua ya LC 1 isikunyime usingizi. Mahakama za LC ni mahakama kweli, zina sheria yake ya mwaka 2006, na rufaa yake hupanda kutoka kijiji kwenda parishi, kata ndogo, kisha kwa Hakimu Mkuu. Zinajua ardhi kuliko sisi wenye suti. Lakini kesi yenu ilikuwa tayari mbele ya hakimu. LC 1 hawezi kuamua jambo ambalo hakimu analishughulikia, na barua ya mwenyekiti peke yake si hukumu: je, kikao kilikaa, wakati mikusanyiko ilikuwa imekatazwa? Nani walikuwepo? Nyinyi mliitwa? Yako wapi maandishi ya kikao? Msiichane na msigombane naye kijijini. Mwacheni jirani ailete mahakamani, halafu mwenyekiti aliyeiandika aitwe aulizwe maswali hayo. Mara nyingi barua ya namna hii humuumiza aliyeileta.

Hakimu anaweza pia kuwapeleka kwenye usuluhishi kabla ya kusikiliza, na wakati wa ugonjwa hupenda hivyo zaidi kwa sababu watu watano wanatosha chumbani. Nendeni kwa moyo mweupe. Mpaka ukiweza kukubaliwa na kuandikwa kama amri ya mahakama, mmeokoa miaka. Ila mama asitie dole gumba kwenye karatasi ambayo hajasomewa na mtu wake.

Mpwa wako nitamjibu kwa ufupi kwa kuwa mambo yake yanahitaji mtu wa kuyaona ana kwa ana. Ndiyo, mbele ya televisheni, yaani skrini inayounganisha gereza na hakimu, ni mahakama. Magereza yetu yana watu mara tatu ya uwezo wake, na kumsafirisha kila mtu wakati wa mlipuko ni kuusafirisha na ugonjwa. Kwa kutajwa kwa kesi au kuomba dhamana, akubali. Kwa kesi yenyewe kusikilizwa, aseme kama hamsikii shahidi au hawezi kuongea na wakili wake faraghani, na aseme siku hiyohiyo. Polisi wanatakiwa kumfikisha mahakamani ndani ya saa 48, na hakuna ugonjwa unaobadilisha hilo. Hesabuni pia siku zake: kwa kosa ambalo hakimu anaweza kulisikiliza, siku 60 za mahabusu bila kesi kuanza zinampa haki ya kuachiwa kwa dhamana kwa masharti ambayo mahakama itaona yanafaa, kwa kosa la Mahakama Kuu pekee, ni siku 180 kabla ya kesi kupelekwa Mahakama Kuu. Kama kosa lake linaweza kumletea adhabu ya kifo au kifungo cha maisha, serikali inawajibika kumpa wakili bila malipo.

Kwa yote haya, barua yangu haitoshi. Mtu lazima alifungue jalada lenu alisome, hasa aone yule hakimu wa kwanza aliandika nini kabla ya kuhamishwa, na kama kuna shahidi aliyekwisha kusikilizwa. Kama hamna uwezo wa wakili mwingine, hapo Tororo kuna ofisi ya Justice Centres Uganda inayosaidia watu bila malipo, na Chama cha Mawakili na FIDA, chama cha mawakili wanawake, nao wana msaada wa kisheria. Nendeni na namba ya kesi, ile nakala ya WhatsApp pamoja na iliyothibitishwa, barua ya daktari ya mama, picha za mpaka, na majina ya waliokuwepo baba alipozikwa. Ombi la kumsikiliza mama mapema liwe la kwanza mtakalowaomba waliandike, kabla ya kugusa habari za zuio wala za LC.